Yaya, kaka yangu mkubwa, amekopa dola 800 kwa ajili ya upadrisho wangu. Nitie sahihi?

BARUA

Yezu Kristu asifiwe, Mama.

Mimi ni shemasi, mtoto wa Kadutu, hapa Bukavu. Niko katika muhula wa mwisho wa teolojia, mwaka wa nne. Nilipewa ushemasi mwezi wa kwanza, na mwezi wa nane, Mungu akipenda, nitapadrishwa pamoja na wenzangu. Nimeshaambiwa kwamba nitakwenda kuwa vikari, yaani padri msaidizi, katika parokia moja ya Bulega, upande wa Mwenga. Nimebakiza mitihani na mafungo tu. Watu wanadhani sasa nina furaha kuliko wakati wowote. Mimi sipati usingizi.

Papa, baba yetu mzazi, alifariki nikiwa na miaka 11. Yaya wangu ndiye aliyesimama mahali pake. Aliacha shule akawa motari, mbeba abiria kwa pikipiki, na kila mwanzo wa mwaka alinipeleka seminari ndogo yeye mwenyewe, godoro limefungwa nyuma ya pikipiki, ndoo nimeipakata mimi. Karo yangu yote ni jasho lake. Mama anauza sambaza, wale samaki wadogo, katika soko la Kadutu, na alichopata kililisha wadogo zetu. Nayaeleza haya ili usije ukamwona yaya kuwa mtu mbaya.

Mwezi wa tatu yaya alianza kuandaa sherehe bila kuniuliza. Tangu benki zifunge milango hapa mjini Februari 2025, mtu akitaka pesa nyingi kwa mara moja huenda kwa watu wa banki lamberi, wakopeshaji binafsi wa riba kubwa. Alikopa dola 800, riba 30 kwa 100 kila mwezi. Dola 350 zimenunua ng'ombe, ambaye yuko kwa mjomba kule Walungu. Dola 300 ni avansi, malipo ya kwanza, ya kikwembe (kitenge) chenye picha yangu nikiwa nimeinua kalisi, kikombe cha Misa, ambayo bado sina ruhusa ya kuiinua. Kipande cha kwanza cha kuonyesha watu kimeshafika nyumbani. Mama amekikunja akakiweka chini ya mto. Dola 150 zilizobaki zimekwenda kwa mwenye mahema, viti na vyombo vya muziki.

Jumapili iliyopita yaya alikuja seminari na karatasi. Mwenye pesa sasa anataka mdhamini, na anataka awe mimi, kwa sababu, kwa maneno yake, padri hakimbii. Yaya aliniwekea kalamu mkononi. Nikamwomba aniache nisali kwanza. Akanijibu: "Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Ukishakuwa padri, deni hili ni kitu gani? Ni sadaka za nia za Misa za miezi miwili tu." Alisema atarudi. Karatasi iko ndani ya breviari yangu, kitabu changu cha sala, na kila nikifungua masifu ya jioni naiona.

Mama hajasema lolote kuhusu sherehe. Ameniuliza jambo moja tu: "Kule Bulega utakuwa unakula nini?" Nilinyamaza.

Kuna jambo la pili, na hili ndilo linaloniogopesha zaidi. Wakati wa Pasaka nilitumwa kusaidia katika hospitali moja. Usiku mmoja mama kijana alifiwa na mtoto wake wa miezi 5. Alinishika mkono wa alba akaniuliza, "Shemasi, nilikosa nini?" Kitabu cha ibada nilikuwa nacho. Sikupata neno. Niliketi sakafuni pembeni yake nikalia, mpaka muuguzi akaja kutuinua wote wawili. Mwenzangu aliyekuwepo aliniambia kwamba padri anayelia hataweza kuzika watu. Tangu siku ile najiuliza kama mwito wangu umekwisha, au kama ulikuwepo tangu zamani. Naingia katika upadre, au nalipa deni la yaya? Na nikimwomba Askofu aniongezee muda, aibu itamuua mama.

Nifanye nini?

Shemasi wa Kadutu

JIBU

Milele na milele, Shemasi mwanangu.

Usitie sahihi. Natanguliza neno hilo kwa sababu yaya anaweza kurudi Jumapili hii. Mengine tutayazungumza polepole.

Na usidhani utakuwa unamkatalia ndugu yako kwa ukaidi wako. Tangu siku ulipopewa ushemasi wewe ni mkleri, mtu wa daraja takatifu, na Sheria ya Kanisa, kanuni ya 285, inamkataza mkleri kuwa mdhamini wa deni, hata kwa mali yake mwenyewe, kabla ya kuzungumza na Askofu wake. Inamtaka pia ajiepushe na kutia sahihi hati za kuahidi kulipa. Mwambie yaya hivyo, ukimtazama usoni: mkono huu ulishawekwa chini ya mkono wa mwingine, hauruhusiwi kuandika hapa. Yule mwenye pesa naye apelekewe jibu hilohilo. Karatasi itoe ndani ya breviari leo, umrudishie yaya ikiwa nyeupe.

Kuhusu methali aliyokupigia, ni ya mtu aliyevua nguo mwenyewe akijua anaingia majini. Wewe ulikuwa darasani wakati ng'ombe ananunuliwa.

Umeandika kwamba machozi ya hospitalini ndiyo yanayokuogopesha zaidi. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nilishtuka mahali pengine kabisa. Machozi yako hayakunitisha hata kidogo. Ile karatasi imenitisha, na nitakueleza kwa nini.

Kwa miaka 16 nimekuwa miongoni mwa watu wanaohesabu sadaka parokiani kwetu baada ya Misa ya pili. Tunamwaga vikapu juu ya meza, tunazinyoosha noti za franga 500 kwa kiganja, moja moja, kwa sababu nyingi huja zimekunjwa mpaka zikawa ndogo kama ukucha. Nyingine zinanuka samaki, na hapo unajua zimetoka kwa mama wa sokoni kama mama yako. Miaka mingi iliyopita tulipata padri kijana mwenye sauti nzuri. Mahubiri yake yalitufanya tuwahi Misa. Mwezi wake wa pili akaanza kusimama mlangoni mwa chumba cha kuhesabia. Haingii, haondoki. Anauliza tu, "Leo zimefika ngapi?" Baadaye tukajua kwamba sherehe ya upadrisho wake ilifanywa kwa mkopo, na waliomkopesha walikuwa wanamfuata mpaka sakristia.

Hakuwa mwizi, na lazima nimtendee haki: sikuwahi kumwona akigusa hata noti moja. Lakini waumini waliona jinsi macho yake yalivyokifuata kikapu, na wakaacha kumsikiliza. Wajane wakaanza kusita kumwita kwa wagonjwa wao, wakidhani lazima kwanza watafute kitu cha kumpa. Bibi mmoja wa shirika letu, jumuiya yetu ndogo ya waumini, alikufa bila mpako wa wagonjwa kwa sababu binti yake alikuwa anatafuta kuku. Padri yule alihamishwa kabla ya mwaka kwisha. Hadi leo nikikunjua noti ya 500 hunijia akilini, naye simlaumu sana. Nawalaumu waliompeleka kwetu akiwa amefungwa shingoni.

Sitaki wewe ufike Mwenga hivyo.

Hesabu ya yaya haisimami hata ukiiangalia kwa jicho la biashara. Anafikiri padri anakula kila nia ya Misa. Kanuni ya 951 inasema padri akiadhimisha Misa zaidi ya moja kwa siku, abaki na sadaka ya nia moja tu, isipokuwa siku ya Noeli. Nyingine zinakwenda mahali Askofu alipoagiza. Na riba ya 30 kwa 100 juu ya dola 800 ni dola 240 kila mwezi. Kutoka mwezi wa tatu hadi wa nane ni miezi mitano, yaani dola 1200 za riba peke yake, na zile 800 ziko palepale. Unakwenda parokia ambako Jumapili nyingine watu hutoa mkungu wa ndizi, mihogo na mafuta ya mawese. Mwandikie yaya tarakimu hizo kwenye karatasi, mzitazame pamoja, bila lawama. Motari anajua hesabu ya kila jioni kuliko mimi na wewe.

Tena Mwenga ni nchi ya dhahabu. Siku moja atakuja mtu wa machimbo baada ya Misa, mpole, amevaa vizuri, na bahasha "kwa ajili ya padri wetu kijana". Hatakuomba kitu siku hiyo. Atakuomba miezi mitatu baadaye, wakati kuna watoto wamefunikwa na udongo shimoni na wewe unatakiwa useme jambo. Mwaka 2025, tarehe 15 Juni, kule Roma, Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri kijana wa Goma, Floribert Bwana Chui. Alikuwa anakagua bidhaa zinazoingia mpakani, akakataa pesa alizopewa ili aachilie chakula kilichoharibika, wakamuua mwezi wa saba 2007. Alikuwa na miaka 26. Wewe mwenyewe fikiri: mtu aliyepigiwa simu asubuhi mara tatu na watu wa lamberi ataweza kusema "hapana" ile saa tisa mchana? Labda ataweza. Lakini kwa nini ujibebeshe?

Sasa deni lenyewe. Linaweza kupungua wiki hii, kabla ya mitihani yako. Ng'ombe hajachinjwa, kwa hiyo bado ni pesa. Auzwe hukohuko Walungu, dola 350 au zinazokaribia zirudi moja kwa moja kwa mwenye mkopo, zisipitie nyumbani. Mwenye mahema aombwe arudishe avansi, na akikataa yote, abaki na ya viti tu. Vyombo vya muziki havina kazi mahali ambapo kuna kwaya. Kikwembe kisiongezwe hata kipande kimoja ambacho anayekitaka hajakilipia kwanza. Mamia ya watu wa Kadutu watakitaka, nakuhakikishia, na avansi itarudi kupitia wao. Kitakachobaki baada ya hapo ukoo ukae ugawane. Mjomba aliyekubali kufuga ng'ombe wa sherehe hatakosa kukubali kuchangia deni lake.

Watu watakula nini? Watakula. Mwaka tuliompokea padri wetu wa sasa, nikiwa mama wa shirika, tulikusanya sufuria 22. Kila nyumba sufuria moja: huku bugali, huku sombe ya majani ya muhogo, huku maharagwe, sambaza za kukaanga zilitoka nyumba tano. Kasiksi, pombe ya ndizi, ililetwa na wazee. Hakuna aliyekopa, na watoto walikula mpaka wakalala chini ya meza. Zungumza na paroko wenu wa Kadutu mapema, kwa kuwa mko wengi mnaopadrishwa, na familia zikiachwa kila moja peke yake zinaanza kushindana. Nasema wazi kwamba mashindano haya ya sherehe za upadrisho yananiumiza. Tunawataka vijana hawa waishi maisha ya kawaida, kisha jioni hiyohiyo tunawafundisha kinyume chake kwa spika kubwa.

Lakini yaya. Hapa ndipo nataka uwe mwangalifu kuliko kwenye tarakimu zote. Yaya hakukopa kwa ujinga. Miaka yote hii amekula vumbi la barabara ili wewe usome Kilatini, na kila abiria aliyembeba amemsikia akisema, "Mdogo wangu ni fratri, yuko seminari." Anataka siku moja tu ambayo Kadutu yote itaona kwamba mtoto aliyelelewa na motari amefika. Ukimwambia "punguza sherehe" ukaishia hapo, atasikia kwamba jasho lake ni aibu kwako. Kwa hiyo usimwendee mikono mitupu. Mwambie: "Yaya, siku ile nataka unilete kanisani wewe, kwa pikipiki, kama ulivyokuwa ukinipeleka seminari." Motari wenzake watamfuata nyuma wakipiga honi kutoka soko hadi kanisa, wewe unawajua, na hilo halina riba. Katika Misa yako ya shukrani, ukisimama kusema neno, usianze na wakubwa. Anza na lile godoro na ile ndoo. Eleza kama ulivyonieleza mimi. Jambo hilo litamkaa moyoni muda mrefu kuliko nyama ya ng'ombe.

Mazungumzo haya yafanyike mbele ya mama yenu, siyo kwenye simu.

Umeuliza kama unaingia katika upadre au unalipa deni. Ni swali zuri, na Kanisa lenyewe linakuuliza hivyohivyo. Kabla ya kupadrishwa utaandika, kwa mkono wako mwenyewe, tamko lenye sahihi kwamba unaomba daraja hili kwa hiari na kwa uhuru. Ni kanuni ya 1036. Kanuni ya 1026 inakataza kabisa mtu yeyote kumlazimisha mwingine apokee daraja, kwa njia yoyote na kwa sababu yoyote. Mkopo wa yaya ni sababu mojawapo. Machi na Aprili ulikuwa unaandaliwa sahihi mbili bila kujua, na ya kwanza ingeitia doa ya pili. Ndiyo maana nataka ile ya deni ife kwanza, ndipo usikie vizuri moyo wako unasemaje.

Ukishaiondoa, nenda kwa baba wa kiroho umwambie kila kitu, hata kile ambacho hukuniandikia mimi. Usihofu kwamba maneno yako yatakwenda kwenye baraza. Kanuni ya 240 inazuia kabisa maoni ya baba wa kiroho na ya waungamishi yasiulizwe wakati wa kuamua nani apewe daraja na nani aondoke. Kisha mwone Askofu kwa habari ya deni, kabla hajaisikia kwa wengine. Ukiona bado huko tayari mwezi wa nane, mwombe muda. Kati ya ushemasi na upadre sheria inataka angalau miezi 6. Mwisho wake haikuuweka. Kuna mashemasi waliongoja mwaka mzima wakawa mapadri wazuri. Aibu? Angalia tena barua yako. Mama yako hakutaja sherehe, hakutaja ng'ombe. Unamtwika aibu ambayo hajaibeba.

Mimi sidhani mwito wako umekwisha. Sina mamlaka ya kuamua, lakini nimezika watoto wawili, na nakumbuka ni nani aliyenisaidia. Hapo Nyawera, unapopita kwenda mjini, aliuawa Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa tarehe 29 Oktoba 1996. Aliwahi kusema kwamba kuna mambo ambayo huonekana vizuri kwa macho yaliyolia tu. Yezu alilia kwa ajili ya Lazaro, na watu wote wakiwepo. Mwenzako aliyekulaumu asome Yohane 11. Jambo moja tu nitakusahihisha kama mama. Mwanamke yule alikuuliza "nilikosa nini?", na swali lake lilikuwa na jibu, fupi kabisa: "Hukukosa kitu, mama." Lia, kaa sakafuni, lakini neno hilo mwambie. Na kama hospitali ile ina njia ya kumpata, mtafute umwambie hata sasa, kwa sababu bado anajiuliza.

Na ukifika Bulega, Kilega, lugha ya huko, utakifikia. Katekista mkuu wa huko ndiye mwalimu wako. Mfikie ukiwa na daftari, na miezi mitatu ya kwanza usiende kwa mgonjwa bila yeye. Majina ya watu kwanza, salamu pili, mahubiri baadaye sana.

Halafu mama yako bado anangoja. Alikuuliza utakuwa unakula nini kule, ukanyamaza. Likizo ya kwanza utakayopata, nenda Kadutu alfajiri, kabla soko halijajaa, ukae naye nyuma ya beseni la sambaza umjibu. Mwambie kuna mpunga, kuna ndizi, kuna samaki wa mtoni na mawese. Atakuuliza nani atakupikia. Mjibu na hilo pia.